Mpunga ukigeuka manjano: virusi inafanya nini ndani ya jani, na juu ya nini mbolea haiponyeshi

Kila sezoni, katika plaine ya Ruzizi, kuko mulimaji anayefika shambani asubuhi na kukuta kitu asichoelewa. Wiki mbili zilizopita mpunga wake ulikuwa kijani safi. Leo, hapa na pale, kuko mashina yaliyogeuka manjano. Ni mafupi kuliko ya pembeni, na majani yake yana mistari midogo midogo, kijani na manjano, kama vile mtu ameyapitisha burashi ya rangi.

Wazo la kwanza linalokuja ni kwamba udongo umechoka. Basi mama au baba anauza kuku wawili, anakopa kidogo kwa jirani, ananunua kilo kadhaa za ire na kuzitupa shambani. Siku kumi zikipita, mpunga uliokuwa mzima unazidi kuwa kijani, lakini yale mashina ya manjano yanabaki vile vile. Tena yameongezeka. Hapo ndipo maneno yanaanza: mbegu ilikuwa mbaya, maji ya mfereji yametiwa kitu, fulani ana wivu.

Mara nyingi hakuna aliyetupa kitu. Ni ugonjwa ambao maagronome wetu wanauita kwa Kifaransa panachure jaune du riz. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ugonjwa wa manjano ya madoadoa ya mpunga. Unaletwa na virusi, na virusi hiyo haina dawa ya kuiponyesha mara ikishaingia ndani ya shina. Lakini ukielewa inavyofanya kazi ndani ya jani, utaelewa pia pesa yako inafaa iende wapi, na mikono yako iogope kufanya nini.

Mpunga mgeni, virusi mwenyeji

Ugonjwa huu unapatikana Afrika peke yake. Watafiti waliuona mara ya kwanza mwaka 1966 huko Kenya, karibu na Kisumu, pembeni ya ziwa Victoria. Kisha ukaonekana katika nchi nyingi zinazolima mpunga, toka Sierra Leone na Mali mpaka Tanzania na Madagascar. Kati ya 2011 na 2013, ripoti za kisayansi zilithibitisha kwamba virusi hiyo iko pia Rwanda, Burundi na kwetu Congo. Hiyo haimaanishi ilifika miaka hiyo. Inamaanisha ndipo ilipopimwa katika maabara na kupewa jina lake.

Juu ya nini Afrika tu? Mpunga ambao wengi wetu tunalima ulitoka Asia. Maniema, kwa mfano, uliletwa katika karne ya 19 na wafanyabiashara waliotoka pwani ya mashariki mpaka Kasongo na Nyangwe, na mpaka leo watu wa Maniema wanajulikana kwa mchele wao. Mpunga huo wa Asia ulikuwa haujawahi kukutana na virusi hii. Virusi yenyewe ilikuwa inaishi kimya ndani ya majani ya pori na mpunga wa pori wa Afrika. Wakati watu walipoanza kulima mpunga mwingi, shamba karibu na shamba, sezoni mbili kwa mwaka na maji ya mfereji, virusi ilipata chakula mlangoni.

Virusi ni kitu gani?

Virusi si mdudu. Si kuvu kama ile inayoota juu ya mkate. Si mikrobe kama ile inayokausha migomba kwa ugonjwa wa mnyauko. Mdudu na mikrobe vinakula na kuzaa vyenyewe. Virusi haili na haipumui. Ikiwa peke yake, haiwezi kufanya kazi yoyote.

Chukua mfano wa barua ndani ya bahasha. Barua ni ujumbe unaosema: "Nitengenezee kopi nyingine." Bahasha ni ganda la protini linalolinda ujumbe huo. Virusi ya mpunga ni hivyo tu. Ujumbe wake una herufi kama 4 450, wakati ujumbe wa mpunga wenyewe, ule unaosema namna ya kutengeneza mzizi, jani na punje, una herufi karibu milioni 400. Na ni ndogo sana. Ukipanga virusi elfu moja mstari mmoja, hazifikishi upana wa unywele wa kichwa chako. Ndiyo maana hakuna jicho linaloiona shambani. Tunachoona ni matendo yake.

Mlango ni kidonda

Jani la mpunga limejengwa na vyumba vidogo sana, vinaitwa seli. Kila seli ina ukuta mgumu kuizunguka. Virusi haina meno wala msumari wa kutoboa ukuta ule. Inasubiri mtu au kitu kingine kiufungue.

Wa kwanza kufungua ni wadudu wadogo wenye mabawa magumu wanaotafuna majani ya mpunga. Mdudu anakula jani lenye virusi, mdomo wake unabaki na maji ya jani lile, kisha anaenda kung'ata jani zima. Mlango umefunguka na mgeni ameingia.

Wa pili ni sisi wenyewe. Wakati wa kung'oa miche kwenye kitalu, majani yanavunjika. Wakati wa palizi, mikono na miguu inasugua mashina. Wakati wa kuvuna, mundu unakata shina lenye ugonjwa na kisha unakata la pembeni, na maji ya lile la kwanza yanabaki kwenye chuma. Walimaji wengine wana desturi ya kukata ncha za miche kabla ya kuihamisha ili isianguke. Kisu kimoja kinachokata miche elfu kinaweza kuchukua virusi kutoka mche mmoja mgonjwa na kuigawia mingine. Wale waliopoteza migomba yao kwa mnyauko wanajua kazi ya panga chafu. Ni shauri lile lile.

Wa tatu ni ng'ombe na panya. Wanakula mabua, wanakanyaga, wanavunja, wanatoka shamba hili wanaingia lile. Hata majani yanayosuguana kwa upepo, pale mpunga ulipopandwa karibu karibu, yanaweza kuambukizana.

Kwenye muhogo mambo ni tofauti kidogo. Kila mulimaji wa Kivu anajua mozaiki ya muhogo, ambayo inasafiri ndani ya kijiti cha kupanda na kwa inzi mweupe. Kwa mpunga, watafiti walipima punje zilizotoka kwa mashina magonjwa. Walikuta virusi ndani ya punje, lakini zilipokauka na kupandwa, miche iliota mizima. Kwa hiyo ugonjwa huu haupiti kwa mbegu. Mtu aliyekuuzia mbegu anaweza kuwa na makosa mengine, lakini si hili.

Ndani ya jani: wizi wa kiwanda

Sasa virusi iko ndani ya seli ya kwanza. Bahasha inafunguka, barua inatoka.

Kila seli ya mpunga iko kama kiwanda. Ina mashine zinazosoma ujumbe na kutengeneza protini, na protini ndizo zinajenga mmea. Mashine hizo hazina akili ya kuuliza barua imetoka kwa nani. Zikishikishwa ujumbe, zinasoma. Ili barua ishikike kwenye mashine, inahitaji ndoano. Virusi ya mpunga ina kipande cha protini kwenye kichwa cha barua yake, na kipande hicho kinajifunga kwenye ndoano ya mpunga wenyewe, ile inayotumika kila siku kuanzisha kazi. Kumbuka hii ndoano, tutairudilia.

Kiwanda kinaanza kufanya kazi ya mwizi. Kinatengeneza vifaa vya kupiga kopi, kinapiga kopi za barua kwa maelfu, kinatengeneza bahasha mpya. Nguvu na vitu vilivyokuwa vya kukuza jani vinaenda kwa virusi.

Mpunga haukai kimya. Mimea ina askari wake. Seli ikiona barua ya aina isiyo ya kawaida, inatoa kitu kama mkasi, inaikata vipande vidogo, kisha inatumia vile vipande kama picha ya mwizi ili kutambua barua nyingine za aina ile na kuzikata pia. Ni ulinzi mzuri sana. Lakini virusi ya manjano inabeba protini moja ambayo kazi yake ni kuwafunga mikono wale askari. Protini hiyo pia inaisaidia kutembea. Hapo ndipo vita inaamuliwa. Pale askari wanaposhinda, jani linabaki kijani. Pale wanaposhindwa, jani linapauka.

Kisha virusi inasafiri. Kati ya seli na seli kuko vitundu vidogo ambavyo mmea unavitumia kupitisha chakula na habari. Virusi inapita humo, chumba kwa chumba, mpaka inafika kwenye mishipa ya jani. Mishipa ni barabara kubwa. Toka hapo inafika kwenye majani machanga yanayoota. Kwa kawaida, kati ya wiki moja na mbili baada ya kidonda, jicho la mulimaji linaanza kuona.

Hii siku saba mpaka kumi na nne ni ya kuogopa. Mche unaweza kuwa umeshaambukizwa kwenye kitalu, unaonekana kijani, mzuri, wewe mwenyewe unauhamisha kwa mikono yako. Manjano yanatokea ukiwa umeshapanda shamba lote.

Manjano yanatoka wapi

Rangi ya kijani ya jani si pambo. Ndani ya seli kuko vidonge vidogo vya kijani ambavyo vinapokea mwanga wa jua na kuutumia kutengeneza sukari kutoka kwa maji na hewa. Ndiyo jiko la mmea. Punje zote unazovuna zilipikwa kwenye jiko hilo.

Virusi ikijaa ndani ya seli, majiko yale yanavurugika. Mengine yanavimba na kuvunjika, mengine hayakui vizuri, na kijani kinapungua. Kijani kikipungua, rangi ya manjano iliyokuwa imefichika chini yake inaonekana. Kwa hiyo manjano si rangi ambayo virusi imeleta. Ni rangi inayobaki wakati jiko limezimika.

Na juu ya nini mistari, si jani zima? Mishipa ya jani la mpunga inaenda mirefu, sambamba, toka chini mpaka ncha. Virusi inafuata njia hizo. Sehemu iliyofikiwa mapema wakati jani lingali changa inapauka, na sehemu iliyofikiwa kwa kuchelewa, au ambayo askari wake walijitetea vizuri, inabaki kijani. Ndiyo unaona madoa marefu ya kijani na manjano yamepangana. Jani likizeeka, madoa yanaungana, na katika aina nyingi za mpunga linakuwa manjano yote au rangi ya machungwa.

Alama nyingine zinafuata mlango huo huo:

Shina linabaki fupi. Sukari imepungua, na maagizo ya kukua yamevurugika. Wanasayansi wanaona kwamba ule mfumo wa mkasi ambao virusi inaufunga, mmea unautumia pia kupanga ukuaji wake. Ukifunga askari, umefunga na msimamizi wa ujenzi.

Machipukizi ni machache. Shina zima linatoa watoto wengi, shina gonjwa linatoa wachache.

Suke halitoki lote. Mpunga hauna nguvu ya kulisukuma nje, linabakia nusu ndani ya ala yake.

Punje ni tupu. Ua halikubeba, au punje imeanza kujaa ikaishiwa chakula. Ukipepeta, upepo unachukua zote, na zinazobaki nyingine zina rangi ya kahawia.

Ukubwa wa hasara unategemea mambo mawili. La kwanza ni umri. Mche ulioambukizwa kwenye kitalu au siku za kwanza baada ya kuhamishwa unaweza kufa, au usitoe kitu. Mpunga ulioambukizwa wakati unakaribia kutoa masuke unaweza bado kukupa mavuno mazuri. La pili ni aina ya mpunga. Ndiyo maana vitabu vya kilimo vinaandika hasara toka 10 mpaka 100 kwa mia. Si kwamba hawajui. Ni kwamba mashamba mawili hayafanani.

Kabla ya kununua mbolea, angalia vizuri

Si kila manjano ni virusi. Kabla ya kutoa franka, simama katikati ya shamba na ujiulize maswali matatu.

Manjano yameanzia jani gani? Mpunga wenye njaa ya mbolea unaanza kupauka majani ya zamani ya chini, sababu mmea unatoa chakula kwa wazee na kuwapa watoto. Virusi inajionyesha kwanza kwenye majani machanga ya juu.

Yamekaa namna gani? Njaa ya mbolea inalifanya jani lote kuwa rangi moja. Virusi inatoa mistari na madoa. Ukiona vidoti vya kahawia vinavyoanzia ncha za majani ya chini, tena maji ya shamba yana utando wa rangi ya kutu juu yake, fikiria chuma iliyozidi ndani ya udongo. Hiyo ni taabu ya mabonde yenye maji yaliyosimama, na inahitaji kutoa maji.

Yametawanyika namna gani? Udongo uliochoka unaonekana sehemu nzima. Virusi inaanza kwa mashina mamoja mamoja, shina gonjwa likiwa pembeni ya zima kabisa, kisha yanakuwa kiduara kinachopanuka. Mara nyingi inaanzia pembeni, karibu na mfereji au karibu na mabua ya sezoni iliyopita.

Ukiwa bado na mashaka, chukua mbolea mkono mmoja tu, weka kwa mashina machache, hesabu siku saba mpaka kumi. Yakirudi kijani, ilikuwa njaa. Yakibaki manjano, usipoteze mfuko mzima. Mbolea ni chakula, na mgonjwa huyu hakukosa chakula. Jiko lake limevunjika. Ukimwaga chakula mbele ya jiko lililovunjika, hakipikwi. Tena majani mengi laini yanapendwa na wadudu, na wadudu ndio wanabeba virusi.

Dawa ya pompa je? Inaua mdudu, haigusi virusi iliyo ndani ya shina. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoponyesha mpunga ulioambukizwa, na anayekuuzia chupa akisema itarudisha kijani anakudanganya.

Vitu vinavyofaa kufanywa

Kama mlango ni kidonda, kazi yetu ni kulinda mlango.

Kitalu kwanza. Kiweke mbali na mabua ya sezoni iliyopita na mbali na majani marefu ya mfereji, sababu ndiko virusi na wadudu wanalala. Kipitie kila siku mbili. Kitalu chenye miche ya mistari ya manjano, hata michache, ni hatari. Toa ile miche, na kama ni mingi, ni afadhali kuanza upya kuliko kupanda ugonjwa shamba nzima.

Usikate ncha za miche. Ukiacha kitalu kikazeeka, miche inarefuka na unalazimika kukata. Panga tarehe ili ihamishwe mapema.

Ng'oa mapema. Katika wiki za kwanza baada ya kupanda, shina likionyesha madoa, litoe pamoja na mizizi yake, lipeleke mbali na maji, lizike au lichome. Usilitupe kwenye mfereji, sababu mfereji unaenda kwa jirani. Fanya kazi hiyo mwisho wa siku, baada ya kumaliza sehemu nzima, kisha osha mikono na vyombo kwa maji na sabuni. Kama shamba kubwa limeshaambukizwa na mpunga umekomaa, kung'oa hakutakusaidia tena. Acha, uvune kinachopatikana.

Anza palizi na mavuno kwa sehemu nzima. Maliza na sehemu yenye ugonjwa. Mundu ukitoka huko, uoshwe kabla ya kurudi.

Baada ya mavuno, usiache mabua yaote tena. Yale machipukizi ya kijani yanayotoka kwenye mabua ni nyumba ya virusi ikisubiri sezoni inayofuata. Lima, zika chini. Na ng'ombe akitoka kula mabua ya shamba gonjwa, asipitishwe kwenye kitalu cha mtu.

Pandeni pamoja. Hili ndilo gumu kuliko yote. Kama wewe unapanda mwezi huu na jirani mwezi ujao, mpunga wako uliokua unakuwa daraja la virusi kwenda kwa mche wake mchanga. Maji ni mamoja, mdudu hajui mpaka wa shamba. Komite za mifereji tayari zinakusanyika kuhusu zamu ya maji. Katika mkutano ule ule, wanaweza kupanga wiki ya kitalu na siku ya kusafisha kingo za mfereji.

Tafuta aina zinazovumilia. Hapa turudie ile ndoano. Watafiti waligundua kwamba mpunga mmoja wa Msumbiji unaoitwa Gigante hauugui sana, na walipotafuta sababu, wakakuta ndoano yake ina umbo tofauti kidogo. Barua ya virusi inashindwa kujifunga, na kiwanda hakiibiwi. Baadhi ya mipunga ya asili ya Afrika, ule uliolimwa Afrika ya magharibi kwa zaidi ya miaka 2000, nayo ina ulinzi wa namna hiyo. Wazalishaji wa mbegu wanatumia mipunga hii kuchanganya na ile tunayopenda kula. Lakini wawe wazi kwenu: virusi nayo inabadilika, na kuko virusi ambazo zimejifunza kushika hata ndoano ile mpya. Kwa hiyo mbegu nzuri haiondoi kazi ya usafi. Muulizeni agronome wa sekta yenu, au watu wa INERA pale Mulungu, ni aina gani imejaribiwa katika udongo wenu.

Maswali ambayo watu wanauliza

Mchele wa shamba gonjwa, mtu anaweza kuula? Ndiyo. Virusi hii inajua mlango wa mpunga na wa majani machache ya jamaa yake. Haijui mlango wa mwili wa mtu. Mchele utakuwa mchache, punje nyepesi, ila hauna sumu.

Inaweza kuingia kwenye muhogo au maharagi pembeni? Hapana. Ugonjwa ukionekana kwenye muhogo ni wa muhogo, utafute sababu yake.

Ng'ombe akila mabua atagonjwa? Hapana, virusi haimfanyi kitu. Shida ni miguu na mdomo wake vinavyopeleka virusi shamba lingine.

Tunaweza kuimaliza kabisa? Si rahisi, sababu iko hata kwenye majani ya pori. Tunachoweza ni kuifanya ichelewe. Na tulishaona kwamba kuchelewa ndiko kila kitu: mpunga ulioambukizwa siku ya kumi haukupi kitu, lakini ule ulioambukizwa wakati masuke yanataka kutoka bado unaweza kulipa ada ya shule ya mtoto.

Na wale ambao wameshaanza kushutumiana kwa mbegu mbaya au kwa uchawi, waende wawili wawili shambani asubuhi, wainame, wageuze jani juu ya mwanga. Wakiona mistari ya kijani na manjano kwenye jani changa, wanajua mwizi ni nani. Siku hiyo wote wawili wana kazi moja: kusafisha mfereji unaopita katikati yao.